Mitego ya ndorobo bonde la Matandu, shajara ya mradi

18 Februari 2024: tunaanza

Naanza kuandika leo kwa sababu jamaa wa Liwale na Nachingwea wananipigia kila siku kuuliza tunafanya nini huku Njinjo, wilaya ya Kilwa mkoa wa Lindi, na kila nikieleza kwa simu nasahau kitu. Bora yote yakae sehemu moja, nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha, anayetaka kuiga aige na makosa yetu ayaone kabla hajayafanya mwenyewe.

Mradi ni wa nagana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na nzi anayenyonya damu. Wafugaji wanaiita ndorobo, neno hilohilo kwa mdudu na kwa ugonjwa, vitabuni mdudu ni mbung'o. Kuna watafiti wa Uingereza na Kenya wanaoshirikiana na maabara ya hapa nchini, na sisi vijana wa vijijini ndio wasaidizi wa porini. Wao wanataka kujua vimelea gani viko kwenye damu ya ng'ombe wa huku na kama dawa bado zinaviua. Mfugaji anataka ng'ombe wake wasife. Mimi nimesimama katikati, mchana nahesabu ndorobo kwenye chupa, jioni naulizwa bomani "sasa mwanangu, hiyo hesabu yenu inaniponyeshea ndama?"

Kwa asiyejua, ng'ombe wengi wa Kilwa na Lindi ni wa kuja. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa bonde la Usangu kule Mbeya walielekezwa mkoa huu, wakaja na mifugo yao, na huku kuna pori zito linaloungana mpaka pori la akiba la Selous, ndorobo wamejaa. Ng'ombe akiumwa anakonda huku anakula, manyoya yanasimama, matezi ya shingo yanavimba, mimba inatoka, damu inazidi kuwa nyepesi mpaka siku anashindwa kunyanyuka. Mzee ambaye boma lake tunaanzia anasema alifika na ng'ombe mia na arobaini na miaka mitatu baadaye akabaki na thelathini na mbili. Aliyasema hayo anaangalia zizi lake, haniangalii mimi.

Tunapima damu hivi: damu kidogo ya sikio kwenye mrija mwembamba wa kioo, unazungushwa kwenye sentrifuji dakika tano, unasoma chembe nyekundu ni asilimia ngapi, halafu unaangalia kwa hadubini ule mstari mweupe kati ya chembe na maji ya damu, maana vimelea vikiwepo vinacheza pale. Chini ya asilimia 24 tunahesabu ng'ombe ameishiwa damu. Siku ya kwanza boma la mzee tulikuta wa asilimia 17 na bado anatembea.

17 Machi 2024: mitego ya kwanza, hasara tupu

Mtego tunaoshona ni ule wa NGU, uliobuniwa Kenya kule Nguruman, kitambaa cha bluu na cheusi na juu neti nyeupe yenye umbo la pia. Ndorobo anavutwa na bluu, anatua kwenye nyeusi, akitaka kutoka anapanda kufuata mwanga, anaishia kwenye chupa. Ni rahisi kabisa kwa kusikia.

Tulishona 12. Gharama ya mmoja: bluu mita 2 kwa 6,500 ni 13,000, nyeusi mita moja na nusu 6,000, neti 6,000, ufundi 5,000, waya na chupa 2,500, miti tulikata wenyewe. Jumla 32,500 kwa mtego, yote 390,000.

Wiki mbili tukapata ndorobo tisa. Tisa! Wakati ukikaa chini ya mti pale mtoni dakika kumi wanakung'ata wanne.

Makosa yalikuwa mawili na yote ni yangu. La kwanza, bluu. Nilinunua Lindi mjini kitambaa nilichoona kizuri, bluu ya anga, nikajua bluu ni bluu. Kumbe ndorobo ana macho yake, anataka bluu iliyoiva, na kitambaa changu ndani ya siku kumi za jua kilikuwa kimeshapauka kama kanga ya zamani.

La pili liliniuma zaidi. Shangazi yangu ndiye fundi, neti ilipopungua akasema ana chandarua cha zamani nyumbani, nikakubali kupunguza gharama. Chandarua chenye dawa. Sikuwaza chochote mpaka siku moja nimeinama kufunga waya wa chini nikaona sisimizi wamepanga mstari wanabeba mabawa. Nikafukua nyasi, ndorobo wamekufa chini ya mtego, kama ishirini na kitu. Walikuwa wanaingia vizuri tu, wanagusa neti, wanadondoka kabla hawajafika kwenye chupa, mimi naandika daftarini sifuri, sifuri, moja. Takwimu za mitego mitano zote tumefuta. Kwa hiyo kama unashona ya kuhesabia, nunua neti mpya isiyo na dawa. Na vyandarua vya watoto waachiwe watoto, shangazi nimemrudishia kipya.

12 Mei 2024: kimbunga na sampuli

Mwisho wa Aprili tulipima maboma matatu, tukajaza kontena la barafu, ikabidi sampuli ziondoke wikiendi ya tarehe 4 kwenda Dar. Tarehe hiyohiyo kimbunga Hidaya kikapiga. Barabara ya Dar ikakatika Somanga, magari yamesimama pande zote mbili. Tulikaa Nangurukuru na kontena letu, barafu ya kwanza ikayeyuka, tukanunua ya muuza samaki mara tatu, ikaisha na yeye, maana hata samaki hawakwenda popote.

Damu yote ya mirija iliharibika. Kilichopona ni kile ambacho kwangu kilikuwa kama nyongeza tu, yaani matone tuliyoweka kwenye karatasi chujio. Dada mmoja mtafiti wa Kenya alisisitiza tangu Februari kwamba kila ng'ombe aachiwe tone kwenye karatasi, likauke kivulini, liingie kwenye mfuko na pakiti ya silika ya kunyonya unyevu. Nilikuwa naona ni usumbufu. Karatasi hazitaki barafu, hazitaki haraka, zilikaa kwenye begi langu siku zote zile na maabara wamesema vinasaba vya vimelea vinasomeka.

Utaratibu mpya: damu ya kuangalia kwa hadubini tunaisoma hapohapo bomani ndani ya masaa machache kwa jenereta, maana vimelea vikikaa vinalegea na kufa huvioni tena, na kinachosafiri ni karatasi peke yake. Barafu tumeacha. Hasara ya safari ile: 214,000 pamoja na chumba na barafu.

16 Juni 2024: jibu la bluu, na mitego kung'olewa

Mwezi wa tatu nilikata vipande sita vya vitambaa vya bluu kutoka maduka ya Lindi na Mtwara, nikaviandika namba, vikapelekwa Uingereza kupimwa kwa kifaa kinachosoma mwanga unaorudi kutoka kwenye rangi. Jibu limekuja sasa: namba 4 ndiyo inakaribia bluu ya ftalojeni wanayotumia watafiti, na namba 4 ilitoka duka la Mtwara mjini, ni mchanganyiko wa pamba na polista, mita 7,500. Nilifurahi sana. Si lazima kuagiza nje, kitambaa kiko kwenye duka la kanga. Hiki ndicho nilichotarajia kwenye ushirikiano, wao wana mashine sisi tuna maduka.

Tukashona 12 upya, 34,500 kila mmoja. Tukaweka Jumatatu. Ilipofika Ijumaa, mitego saba haipo.

Haikuibwa kwa ajili ya kitambaa, niliikuta imekunjwa vizuri kabisa ofisi ya kijiji. Wakulima wa ufuta waliing'oa. Wameona vitambaa vya bluu juu ya miti vimepangwa mstari kutoka mtoni mpaka barabarani, wageni wamepita na kifaa cha GPS cha kuchukua alama za mahali kwa satelaiti, wakajua ardhi inapimwa, ama wafugaji wanaongezewa eneo ama pori linasogezwa. Na sikuweza kuwalaumu. Huku wazee bado wanasimulia jinsi Waingereza miaka ya 1940 walivyowahamisha watu wa magharibi ya Liwale, sababu ikitajwa malale, na nchi yao ikaja kuwa Selous. Malale inaletwa na ndorobo huyuhuyu. Kwa hiyo mtu akija na Mzungu akisema "tunatafiti ndorobo", mzee wa Kingindo anasikia kitu kingine kabisa.

Kosa lilikuwa letu, tuliongea na wafugaji na serikali ya kijiji tu, wakulima tukawaruka kwa vile hawana ng'ombe. Tulikaa nao mkutano masaa matatu. Mwenyekiti akaomba mtego uletwe ufunguliwe mbele ya watu, nikamwaga chupa kwenye ungo, akina mama wakasogea kuangalia. Bibi mmoja akamshika ndorobo mmoja kwa kucha akasema "huyu ndiye anayenifukuza shambani kila asubuhi". Ndiyo bibi, huyohuyo, mkulima naye anang'atwa. Tangu siku hiyo mitego minne imekaa kwenye mashamba ya ufuta na wenye mashamba ndio wanaofagia chini yake.

28 Julai 2024: chambo na moto

Hii fupi. Chambo ni asetoni kwenye chupa yenye tundu dogo na mkojo wa ng'ombe uliokaa wiki tatu kwenye dumu lililofungwa. Usiweke mkojo wa leo, harufu wanayoitaka inakuja ukichacha. Asetoni tulinunua Dar duka la kemikali, usidanganyike na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Mtego wenye chambo unakamata zaidi kwa mbali, wengi ni wale wakubwa wa porini, *Glossina pallidipes*. Ila kwenye vichaka vizito karibu na maji chambo hakisaidii sana, kule kuna mdogo anaitwa *Glossina austeni*, hajali harufu, yeye tumemwekea mbao zilizopakwa bluu na nyeupe zenye gundi.

Moto wa porini umechoma mitatu. Fyeka duara la hatua tatu kila upande mpaka udongo uonekane, hata kama unaona uvivu.

15 Septemba 2024: dawa haijafa, tulikuwa tunaigawa

Hapa naomba wafugaji wasome polepole.

Kila boma tulilopita tuliambiwa dawa za siku hizi hazifanyi kazi. Ng'ombe anachomwa, anapata nafuu wiki mbili, anarudi palepale. Watafiti walikuja wakiamini vimelea vimeshakuwa sugu, na kitu hicho kipo kweli Afrika nyingi, kwa hiyo tukapanga kumchoma mgonjwa dozi sahihi mbele yetu, kumpima siku ya 14 na siku ya 28.

Asubuhi ya kwanza nikamwomba mzee anionyeshe yeye anavyochanganya. Akatoa pakiti ya dimina, dawa ya nagana ambayo jina lake la kitaalamu ni diminazini, unga wa gramu 2.36. Akamimina unga kwenye chupa ya soda yenye maji kwa kukadiria macho, akatikisa, akavuta bomba la cc 10, akamchoma dume. Akavuta tena, akamchoma jike. Akavuta ya tatu. Pakiti moja ng'ombe watatu, na maji yenyewe yalikuwa robo chupa.

Nikachukua utepe wa kupimia kifua, nikamzungusha yule dume nyuma ya nundu na miguu ya mbele, ukasoma kilo 310. Katika unga ule diminazini yenyewe ni gramu 1.05 tu, na dozi ni miligramu 3.5 kwa kila kilo moja ya ng'ombe. Piga hesabu, inatosha kilo 300, basi. Yule dume alikuwa anaimaliza peke yake na bado hajatoshwa. Tulikokotoa wote kwa kijiti kwenye vumbi mimi na mzee na mtoto wake anayesoma kidato cha pili, mtoto ndiye aliyemaliza wa kwanza akanyamaza, akamwangalia baba yake.

Mzee akakaa kwenye gogo. Akaniuliza, "Kwa hiyo wale waliokufa nilikuwa nawapa maji?" Nilikosa jibu. Nikamwambia mzee, hakuna aliyekuja kukuonyesha, na pakiti maelezo yake yako kwa Kiingereza na Kifaransa, na fedha ya pakiti moja moja kwa kundi zima hukuwa nayo. Yote ni kweli, lakini hayakumtosha na mimi hayakunitosha.

Na ubaya wa nusu dozi si kwamba haiponyi tu. Inaua vimelea dhaifu inaacha vigumu, na hivyo ndivyo ndorobo anavibeba kwenda kwa ng'ombe wa jirani. Tukiendelea hivi dawa itakufa kweli.

Matokeo: tuliowachoma kwa utepe, wengi siku ya 28 wako safi na damu imepanda. Watatu bado walikuwa na vimelea, damu yao imekwenda maabara kwenye karatasi, hao ndio wanaoweza kuwa na usugu wa kweli, tumewachoma aina nyingine ya dawa, isometamidiamu. Kumbuka dimina inaponya tu, hailindi, kesho aking'atwa anaanza upya. Isometamidiamu ndiyo inayokaa mwilini miezi miwili mpaka minne, ila na yenyewe ni kwa uzito. Na ukichoma usichinje wala kuuza nyama mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

Gharama: pakiti 3,500, utepe 8,000 na unatumika na maboma yote. Nimeandika jedwali kwa Kiswahili, sentimita za kifua, kilo, cc za dawa, maji safi yaliyopimwa cc 15 kwa pakiti ambayo ni cc moja kwa kilo 20. Nimelibandika kwenye maboma na duka la pembejeo. Wale wa nje wameliona wakaomba nakala walitumie kwingine.

3 Novemba 2024: miguu tumeosha, masikio tukasahau

Ndorobo hamng'ati ng'ombe popote tu, anapenda miguu na tumbo, na anapenda mnyama mkubwa kuliko ndama. Kwa hiyo badala ya kuogesha kundi zima mwili mzima, unapulizia deltamethrini, dawa ya kuua wadudu, kwenye miguu na tumbo la wakubwa tu. Hii si yetu, imefanyiwa utafiti Zimbabwe na Burkina Faso na kutumika Uganda. Chupa ya dawa ya 12,000 iliyokuwa inaisha mara moja sasa inakwenda karibu mara nne. Wafugaji walifurahi, na mimi nilijisifu sana mwezi wa kumi.

Halafu ndama wakaanza kufa. Homa kali, matezi chini ya sikio yamevimba, anahema kwa shida, povu puani, siku kadhaa tu amekwisha. Boma la pili kutoka mtoni ndama wanne ndani ya wiki mbili. Hiyo si ndorobo, ni ndigana kali, inaletwa na kupe wa kahawia, na kupe huyo anakaa wapi? Ndani ya sikio. Tulipokuwa tunaogesha mwili mzima tulikuwa tunamuua bila kujua, tulipobana dawa kwenye miguu tukamwachia nafasi.

Nilikwenda mwenyewe kwa mama mwenye wale ndama kumwambia kosa ni la utaratibu wetu. Alikuwa anakamua. Hakunyanyua kichwa, akasema "ulivyosema miguu nilijua mmesahau masikio, ila nyie ndio wataalamu." Hilo neno nimetembea nalo wiki nzima. Angeulizwa angesema.

Sasa hivi: miguu na tumbo la wakubwa kila wiki mbili, na masikio ya kundi zima, ndama wakiwemo, yanapakwa ndani kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa iliyochanganywa vilevile. Ongezeko la gharama ni dogo. Ndama wanne wa yule mama tumelipa 600,000 kutoka fungu la dharura, nilibishana na wenye bajeti siku mbili lakini walikubali, na kwenye mpango mpya limeandikwa fungu la kufidia.

26 Januari 2025: swali la Unguja

Wiki iliyopita timu nzima ilikuwa hapa, na safari hii nilisema mapema kwamba majibu ya maabara yasomwe bomani, kwa Kiswahili, kabla hayajaandikwa popote. Tulikaa chini ya mkwaju. Kila mwenye boma alisomewa ng'ombe wake, nani alikutwa na nini. Vimelea vingi ni *Trypanosoma congolense*, kidogo *vivax*. Kati ya wale watatu sugu, mmoja kumbe aling'atwa upya, wawili bado wanachunguzwa.

Ndipo mzee akauliza: kwa nini Unguja waliwamaliza ndorobo na sisi hapana? Swali zuri kuliko yote ya mwaka huu. Mtafiti wa Tanzania akamjibu kwa kirefu. Ni kweli, walishirikiana Tanzania, Zanzibar na shirika la atomiki la Umoja wa Mataifa lililoko Vienna. Ndorobo walifugwa Tanga wakilishwa damu, madume wakapigwa mionzi wasiweze kuzalisha, wakamwagwa kwa ndege kuanzia 1994, zaidi ya milioni nane. Jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu, akimpata dume tasa basi uzao umeishia hapo. Wa mwisho alikamatwa Septemba 1996. Lakini Unguja ni kisiwa kimezungukwa na maji, na kabla ya kumwaga madume walikuwa wameshawapunguza kwa dawa kwenye ng'ombe na mbao za gundi, kama hizihizi zetu. Sisi nyuma yetu kuna hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous, nyati na ngiri wamejaa, ukimaliza hapa anaingia mwingine kesho.

Mzee akasema, "Basi sisi kazi yetu ni mlangoni." Mtafiti akakubali. Jike wa ndorobo hazai kama nzi, anaweka funza mmoja tu kila siku tisa au kumi, kwa hiyo ukiua majike asilimia nne kwa siku, kila siku bila kuacha, wanapungua. Neno ni bila kuacha, na mradi una mwisho.

Kwa hiyo hesabu tuliyofanya wote pale ni ya nani ananunua dawa na kitambaa fedha zikiisha. Maboma kumi na moja yamekubali 2,000 kwa ng'ombe mkubwa kwa mwezi, inaingia kwenye laini ya simu ya mama wa ndama wanne, yeye ndiye mweka hazina. Kijana wa kidato cha pili anaandika daftari la mitego, mimi nakagua Jumamosi. Shangazi anashona, sasa anajua kukagua bluu kwa kuiweka juani siku tatu kabla hajakata.

Mitego iliyosimama leo ni 17. Ya karibu na boma la mzee ilikuwa inaleta ndorobo arobaini na zaidi kwa siku mwezi wa saba, wiki hii sita, saba, nne, ingawa ng'ambo ya mto hawajapungua na sijui kama tutapeleka mitego kule kabla ya masika. Yule wa asilimia 17 amefika 29 na ana mimba ya miezi mitano. Kesho alfajiri tunang'oa mitego mitatu ya ukingoni, Matandu imeanza kuja na magogo.